Taa ya Chumba cha Giza

6 Februari

Kwa Fundi,

Salamu nyingi, na poleni tena wewe na binti. Tangu tumzike wifi hatujapata kukaa tukaongea, na kosa ni letu sote wawili.

Najua unashangaa kuona karatasi wakati namba yako ya simu ninayo. Ujumbe nimekutumia mara tatu. Binti ndiye aliyenijibu, akasema baba siku hizi simu anaiacha jikoni, na kwamba umetangaza kuwa umetengeneza vioo vya kugusa maisha yako yote na sasa hutaki kugusa hata kimoja. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akachungulia. Haya, karatasi ndiyo hii.

Shida yangu ni kama ifuatavyo. Unaukumbuka utafiti wetu wa mtambo wa mapokezi? Mgonjwa anafika hospitali, anagusa kioo, anachagua kliniki, anapewa namba ya foleni. Basi bado unasomwa. Watu wanautaja kwenye ripoti zao na kujenga juu yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona ule mtambo. Tuliweka picha mbili na majedwali, tukaona tumemaliza. Maswali tuliyowauliza washiriki hayamo. Programu yako haimo. Mwaka jana mhadhiri mmoja wa chuo cha mbali alijaribu kuurudia utafiti wenyewe, ukamshinda, akaniandikia kwa adabu kabisa: vitufe vilikuwa na ukubwa gani? Nikabaki nakuna kichwa. Ripoti yangu mwenyewe!

Sasa hapa kazini tumekubaliana kwamba utafiti usiwe majedwali tu. Tunaweka hadharani kila kitu ambacho mwingine atahitaji ili aurudie: maswali, programu, kanda za washiriki walioridhia, na kama kuna mtu aliondolewa kwenye matokeo, isemwe kwa nini. Kwa kuwa mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi kwenye kikao, wameniambia nianze na wa kwangu. Yaani wetu. Mwezi wa sita nastaafu, na ningependa niuache ukiwa mzima.

Nahitaji programu, kama bado ipo, na sahihi yako kwenye karatasi ya ruhusa niliyoambatanisha. Bila sahihi ya mtengenezaji utafiti hauwekwi hadharani.

Juzi nilipita kwenye chumba cha majaribio nikasimama mlangoni kama mgeni. Nilikikumbuka kile kiti cha bluu, na kile kioo kikubwa ukutani, ambacho kwa mshiriki kilikuwa kioo cha kujitazamia na kwetu kilikuwa dirisha. Na wewe nyuma yake, kwenye chumba cha giza, unatafuna karanga mpaka mshiriki anauliza kama jengo lina panya.

Dada yako,
Mdadisi


19 Februari

Dada Mdadisi,

Barua imefika. Nimeisoma nimekaa, kitu ambacho ujumbe wa simu haujawahi kunifanyia.

Mwambie mhadhiri wako kitufe kilikuwa na upana wa vidole gumba viwili. Vyangu. Nilivilaza juu ya kioo nikachora mstari. Kama anataka kuurudia utafiti, aje anipime.

Programu ipo. Iko kwenye kompyuta ile nzee, ndani ya sanduku chini ya meza yangu ya ufundi. Marehemu alikuwa anaiita mke mwenza. Kila akifagia anaipiga teke kidogo, halafu anaiomba radhi.

Umenikumbusha Mzee Mkasi, bosi wetu, na kalamu yake nyekundu. Unampelekea kurasa ishirini, anakurudishia sita, anasema, "Hizi ndizo zenye akili." Ndiyo maana ripoti yako haina ukubwa wa vitufe. Niliuandika mimi, na Mkasi akaandika pembeni, "Nani atauliza?" Sasa ameulizwa, naye hayupo ajibu.

Sahihi nitakupa. Lakini nina sharti, na naomba ulisome polepole.

Mke wangu alikuwa mshiriki wetu, hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Mimi nilimwona kupitia kile kioo kabla yeye hajajua kama nipo duniani. Baadaye siku hiyohiyo nikakutana naye kwenye korido, ananiuliza mlango wa kutokea uko wapi, naye amesimama mlangoni. Harusini nilisimulia hivyohivyo, watu wakacheka. Yeye miaka yote alibisha. Alisema yeye ndiye aliyeniona kwanza. Nikamwambia mama, wewe ulikuwa unatazama kioo, ulijiona mwenyewe. Anatabasamu, anaendelea na shughuli zake. Tumezeeka tunabishana hilo jambo moja.

Picha zake ninazo nyingi. Sauti sina. Tulikuwa pamoja kila siku, sasa nani angemrekodi mtu aliye chumba cha pili? Na imeanza kunitoka, dada. Maneno yake nayakumbuka, ila sikio haliyaleti. Nakaa najaribu kuisikia anavyoniita, inakuja sauti ya binti.

Mlimrekodi siku ile. Kila mshiriki alirekodiwa, na aliambiwa aseme kwa sauti kila anachowaza akiwa anatumia mtambo. Naomba kanda yake. Nikisikia hata sentensi moja, nitasaini karatasi yako, na nyingine tupu uziandike utakavyo.

Nduguyo,
Fundi


3 Machi

Kwa Fundi,

Nimeipata barua yako na nimeisoma zaidi ya mara moja.

Chumba cha majaribio kimebadilika sana. Sakafu imewekwa vigae vya rangi ya maziwa, na kila anayeingia na viatu vyenye matope anaonekana ametoka upande gani. Kile kiti cha bluu kiko kwa mhasibu. Amekifunga mto na haruhusu mtu kukikalia. Chumba cha giza sasa ni stoo. Kuna viti vilivyovunjika, mapazia, na mashine ya kunakilia ambayo hakuna anayejua ni ya nani. Kioo bado kipo. Nilikipangusa kwa kiganja nikaona upande wa pili vijana wetu wanne, kila mmoja anatazama kompyuta yake, hakuna anayetazama mtu. Sisi tulikuwa tunatazama watu.

Nakumbuka ulivyokuwa unateseka mle ndani. Mtu akigusa pasipo penyewe unashika kichwa. Akipatia, unanipiga kiwiko. Nilikuwa natoka na mbavu zinauma.

Washiriki wengi nimewapata, na waliobaki hai wameridhia kanda zao ziwekwe wazi. Mwalimu yule wa hesabu aliyeugombeza mtambo kama mwanafunzi bado anafoka vilevile. Amesema niweke, ila nimkate pale alipokohoa.

Nimekutumia karatasi nyingine ya ruhusa endapo ya kwanza imepotea. Kuhusu kanda uliyoulizia, bado natazama makabatini.

Dada yako,
Mdadisi


14 Machi

Mdadisi,

Umeniandikia kurasa tatu. Nimejua habari za vigae, za mto wa mhasibu na za kikohozi cha mwalimu. Nilichouliza umekitia kwenye mstari wa mwisho kama mtu anayeficha mfupa chini ya sahani.

Nimefanya kazi na wewe, nakujua. Ukiwa na jibu zuri unalisema kabla hujavua koti.

Kanda iko wapi?

Fundi


22 Machi

Ndugu yangu,

Unisamehe kwa ile barua. Nilikuwa naizunguka nyumba kwa sababu naogopa kubisha hodi.

Kanda haipo, wala sikuitafuta makabatini, maana najua haipo. Wifi aliomba kuondolewa kwenye utafiti siku ileile, kabla hata hajanyanyuka kwenye kiti. Kanuni yetu unaijua. Mshiriki akisema nitoeni, anatolewa, na chake kinafutwa mbele yake ili asiondoke na wasiwasi. Tulirudisha kanda mwanzo, mimi na yeye, tukairekodi upya juu yake. Tuliielekeza kamera ukutani na kipaza sauti tumekizima. Alisimama pale mpaka ikafika mwisho. Ndiyo maana ripoti inasema matokeo ya mshiriki mmoja hayakujumuishwa, halafu inanyamaza.

Nilipoisoma barua yako ya Februari nililia. Natamani ningekuwa mzembe siku ile. Sikuwa.

Utaniuliza kwa nini aliomba kutolewa. Aliniambia. Akaniomba pia lisitoke mdomoni mwangu, kwamba atakuambia mwenyewe akiona wakati umefika. Sijui kama alikuambia. Nikiitazama barua yako naona kama hakukuambia. Na sijui ahadi ya mtu aliyetangulia naishika mpaka lini. Nisubiri kidogo nifikiri.

Karatasi ya ruhusa iache kwanza. Hata usiposaini sitakulaumu.

Dada yako


30 Aprili

Shikamoo shangazi,

Natumaini hujambo. Baba hajui kama nakuandikia, na tafadhali asijue mpaka uamue mwenyewe.

Barua yako ya mwisho ameisoma mara nyingi. Alikaa na ile barua kwenye mfuko wa shati kama wiki nzima, halafu siku moja nikasikia anavuta sanduku. Ametoa kompyuta ya zamani, ameifungua yote, ameipuliza vumbi, na sasa kila asubuhi baada ya chai anakaa nayo, anasoma programu mstari kwa mstari na miwani miwili. Nilidhani ni jambo jema. Nikamuuliza unatafuta nini baba. Akasema, "Natafuta mahali nilipomuudhi mama yako."

Ndivyo alivyoelewa, shangazi. Anaona mama aliomba kutolewa kwa kuwa mtambo ulikuwa mbovu na ulimwaibisha mbele ya watu, halafu akaishi na aliyeutengeneza maisha yote bila kumwambia. Amesema programu iliyomfukuza mkewe hawezi kuiweka hadharani watu waisome. Na anapunguza kula. Nampikia, anakigeuza kijiko, ananiambia nimepika vizuri.

Nimefikiria sana kama nikuambie hili. Mama alipokuwa amelazwa, siku moja baba alitoka kwenda kununua maji, mama akanishika mkono akacheka. Akasema, "Siku moja muulizeni shangazi yenu nani alimwona mwenzake kwanza. Mimi nilitaka nimwambie baba yako tukishazeeka, apate cha kucheka. Naona tumezeeka ghafla." Nilidhani ni dawa zinamfanya aongee. Baba aliporudi, mama alikuwa amelala.

Basi shangazi, mimi ndiye nakuuliza. Nani alimwona mwenzake kwanza?

Mwanao


9 Mei

Ndugu yangu,

Binti ameniandikia, usimgombeze. Amenifikishia maneno ya mama yake, na kwa maneno hayo nimefunguliwa mdomo. Kaa vizuri.

Siku ile uliingia chumba cha giza mapema. Waya wa kipaza sauti ulikuwa umelegea, ukawasha ile taa ndogo ya mezani ili uukaze. Ukaukaza. Taa hukuizima.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kile kioo kinavyofanya kazi. Aliye gizani ndiye anayemwona aliye kwenye mwanga. Ukiwasha taa upande wako, kinakuwa dirisha la kawaida, kila mtu anamwona mwenzake. Siku ile zamu ya kukaa na mshiriki ilikuwa yangu, mgongo wangu umeelekea kioo, kwa hiyo sikuona kitu. Yeye alikuwa amekuelekea wewe.

Alianza vizuri, anasema kila anachowaza kama tulivyomwelekeza. Skrini ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Alipofika ya tatu akanyamaza. Nikamwambia kwa upole, kama ilivyoandikwa kwenye maelekezo, "Tafadhali endelea kusema unachowaza." Akasema, "Ninachowaza sasa hivi hakihusu mashine."

Halafu akaweka mikono mapajani akaniambia hivi, na maneno haya nayakumbuka neno kwa neno: "Dada, nitoeni. Mnataka niseme ukweli kuhusu hii mashine, na ukweli nimeuona. Lakini kuna kaka pale nyuma ameshika kichwa kwa mikono miwili, ananiombea nipatie. Nikisema mbaya ataumia. Siwezi tena kuisema vibaya." Nikageuka. Ulikuwa umeinama unaokota kitu, karanga bila shaka. Nikakimbia kuzima taa, nikakukuta umeshatoka kuniita mimi upande wa pili. Tulipishana, na nilipokupata nilikuambia tu kwamba jaribio limekwisha.

Kanda ilipokwisha kufutwa alinisihi nisikuambie, akaniuliza kama umeoa. Nikasema bado. Akaniuliza korido unayopenda kupita ni ipi. Mlango wa kutokea aliujua, Fundi. Aliingilia hapohapo.

Ile gundi nyeusi ya utepe uliyoikuta imebandikwa kwenye swichi ya taa kesho yake, ukamlaani Mzee Mkasi sijui miezi mingapi kwa ubahili wa umeme, niliibandika mimi.

Na sababu yake niliiandika kwenye ripoti kwa sentensi moja: mshiriki mmoja aliomba kuondolewa kwa sababu alimwona mtengenezaji na akaona hawezi tena kumhukumu kwa haki. Mkasi akaikata. Pembeni akaandika, "Hii ni ripoti au kadi ya harusi?" Nilikasirika, kwa kuwa ilikuwa sentensi muhimu kuliko zote. Mtu anayekuona huwa anakuambia kile anachodhani kitakufurahisha. Wenzetu wangejua hilo, wangefunika vioo vyao. Badala yake wakapata "hayakujumuishwa".

Sasa umejua. Kama hutaki iandikwe, haitaandikwa, nami nitastaafu na utafiti wangu nusu. Hilo nimeshakubaliana nalo.

Dada yako,
Mdadisi


25 Mei

Dada Mdadisi,

Barua yako aliisoma binti kwa sauti, kwa sababu mimi nilipofika kwenye taa nilishindwa. Alipofika kwenye "ninachowaza sasa hivi hakihusu mashine" alikuwa anasoma kwa sauti yake ya kawaida, hajaigiza wala nini. Nikamwambia arudie. Akarudia. Ndiyo hiyo, dada. Ndivyo mama yake alivyokuwa anasema sentensi ya namna hiyo, anaishusha mwishoni kama anaweka kikombe mezani. Sikio limeileta. Miezi yote hii nilikuwa naona sauti ya binti inaniziba, kumbe ndiyo iliyokuwa imeibeba.

Nimekula. Hilo binti amesema nikuandikie.

Baada ya hapo niliwasha mtambo. Nilikwenda skrini ya tatu nikaitazama, safari hii simtafuti mtu niliyemuudhi. Kitufe cha kurudi nyuma kiko chini kabisa, kijivu juu ya kijivu. Hakionekani. Mtu akikosea kliniki pale anabaki amesimama. Na ripoti yetu, nimeitafuta nikaisoma tena, inasema washiriki walichelewa kwenye skrini ya tatu kwa sababu ya umri wao na kutozoea. Maskini wale watu. Hawakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyepaka kijivu juu ya kijivu, nikakaa gizani nimeshika kichwa nikiwaonea huruma.

Yeye alikiona siku ya kwanza. Akaishi na mimi, akawa anampiga teke mke mwenza na kumwomba radhi, na kila nikiutaja ule mtambo aliniambia ulikuwa mzuri. Nimekaa kwenye kiti cha jikoni nikacheka mpaka machozi yakatoka, mengine hayakuwa ya kucheka.

Sasa sikiliza, maana hapa naongea kama mtengenezaji. Programu iko kwenye kifurushi hiki, yote, na kijivu chake. Usikirekebishe kitufe. Wakione. Andika kwamba hakionekani, na kwamba maneno ya umri tumeyafuta. Hilo la kitufe hujalitoa kwake, aliomba kutolewa na abaki ametolewa. Hilo nimeliona mwenyewe kwa miwani miwili.

Andika pia kwamba taa ilikuwa imewaka, na aliyeiacha ni mimi. Waliomtangulia yeye asubuhi ile huenda nao waliniona wakanihurumia, hatuwezi kujua, kwa hiyo iandikwe kwamba hatujui. Na gundi nyeusi uitaje, ili wajue kuanzia wapi matokeo yanaaminika.

Ile sentensi aliyoikata Mkasi irudishe. Usiweke jina lake, wala usiseme alikuwa nani kwangu. "Mshiriki mmoja" inatosha. Waisome wanaotaka kujua jinsi ya kufunika kioo. Mimi na binti tutajua.

Karatasi za ruhusa nimesaini, zote mbili ulizotuma, na ile tupu niliyokuahidi ambayo hukuiomba. Ukishastaafu njoo. Karanga zipo, na taa tutaiwasha.

Miaka yote nilikuwa na uhakika kwamba mimi ndiye niliyekuwa natazama. Binti amesema, "Baba, kubali tu, mama alikushinda." Nimekubali.

Nduguyo,
Fundi